Kuchagua Shabaha: Maoni juu ya Mchezo wa Mishale katika Siku za Utamaduni

Siku za utamaduni zinapofika katika shule za upande wetu, kuanzia hapa Mulungwishi mpaka Likasi na Kambove, kuna kipindi kimoja ambacho watu hukingoja tangu asubuhi. Ngoma zinanyamaza. Vijana wanne au watano wanaingia wamefunga rafia kiunoni, chokaa nyeupe usoni, na kila mmoja ana upinde wake. Wanazunguka uwanja mara mbili wakiruka, halafu mmoja anapiga goti, anavuta kamba, na mshale unaingia pa! ndani ya karto yenye duara nyekundu. Wamama wanapiga vigelegele, wageni wa heshima wanapiga makofi, na mwenye maikro anatangaza kwamba hivyo ndivyo mababu walivyofanya.

Sisi pia tumepiga makofi. Hata zaidi: kwa miaka kadhaa ni sisi wenyewe tulioikata ile karto, tukaichora duara kwa rangi nyekundu na kuisimamisha mbele ya jukwaa. Kwa hiyo makosa tutakayoyataja hapa, mengine ni yetu, na hatuyakatai.

Mwaka mmoja tulimwalika mzee mmoja, mwindaji wa zamani, aje kuangalia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki tulichompa, akatazama mchezo wote bila kusema neno. Mwishoni tulimwuliza ameonaje. Akajibu: «Batoto beko bazuri. Lakini ile karto, mwalimu, ni nyama gani? Inakula majani? Inakimbia? Mi niliona mutoto anapika kintu yenye ilikufwa zamani.»

Tulicheka. Kumbe neno lile lilikuwa limetuchoma. Kazi yetu ni kufundisha, na kila mwalimu anajua kwamba ulizo unalompa mwanafunzi ndilo linaloonyesha wewe mwenyewe unataka nini. Ukimpa ulizo jepesi mbele ya wazazi ili apate kumi juu ya kumi, umefurahisha wazazi, lakini mtoto amerudi nyumbani vile vile alivyokuja. Shabaha nayo ni ulizo. Aliyeiweka amekwisha kusema anataka kijana ajifunze kitu gani, hata kabla mshale wa kwanza haujatoka.

Basi tuikosoe ile karto yetu. Kwanza, iko karibu mno. Tulipopima kwa miguu, tulikuta hatua sita kati ya kijana na shabaha. Kwa hatua sita hata bibi yetu asiyeona vizuri angepiga. Sababu tunaijua: uwanja umejaa watu, na hatutaki mshale uende kwa watu. Sababu nzuri. Lakini basi tusitangaze kwenye maikro kwamba ni ustadi wa mababu. Pili, ile karto haikai imara, na mara nyingi mshale unaiangusha bila kuingia, ndiyo maana vijana wengine huitoboa kidogo kwa kisu jana yake. Tumeyaona hayo kwa macho. Mtoto anayejifunza kutoboa shabaha kabla ya mchezo amejifunza jambo, ndiyo, lakini jambo hilo halimo katika mila zetu.

Tatu, na hapa tunataka kukaa kidogo, duara lenyewe limetoka wapi?

Limetoka katika michezo ya Ulaya. Katika Michezo ya Olimpiki mpiga mishale husimama mita 70 kutoka shabaha. Karatasi ina upana wa sentimita 122, na imegawanywa kwa duara kumi zenye rangi: nyeupe nje, halafu nyeusi, buluu, nyekundu, na katikati rangi ya dhahabu. Duara la kumi, lile la ndani, lina sentimita 12 na kidogo. Ukisimama mita 70 na kutazama kitu cha upana wa sahani ndogo ya chai, utaelewa kwamba wale watu hawachezi. Mchezo huo uliondolewa katika Olimpiki baada ya mwaka 1920, ukarudi mwaka 1972 kule Munich, na tangu hapo umebaki.

Hata Wazungu hawakulenga duara peke yake. Mwaka 1920, Olimpiki ilipofanyika Antwerp kwa Wabelgiji, kulikuwa na mashindano ya kulenga ndege wa bandia waliofungwa juu kabisa ya mlingoti. Mpigaji anasimama chini na kuelekeza mshale mbinguni. Ulikuwa mchezo wa vijiji vyao tangu karne nyingi, na nchi zilizokuja kushindana kwa mishale mwaka ule zilikuwa tatu tu: Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi. Mbelgiji Hubert Van Innis alirudi nyumbani na medali nyingi. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu linatuchekesha kidogo. Miaka ile ile walipokuwa wakitutawala hapa na kuandika kwamba watu wa pinde ni watu wa nyuma, kwao nyumbani mabwana wenye kofia walikuwa wakivuta pinde ili kuangusha ndege wa manyoya, na washindi wakipewa medali.

Kwa hiyo hatusemi duara ni baya. Duara lina haki yake. Linahesabu sawa kwa wote: mtoto wa chifu na mtoto wa mchimba mawe, aliyepiga tisa amepiga tisa. Kama shule inataka kufundisha mchezo wa mishale kama unavyofundishwa duniani, iweke duara kamili, iweke mita zake, na iseme wazi kwamba huo ni mchezo wa dunia. Tunachokosoa ni kuchukua duara la wengine, kulisogeza hatua sita, na kuliita la babu.

Sasa la babu lilikuwaje? Tutasema tu tuliyoyaona na kuyafanya.

Sisi tuliokua hapa miaka ya 1980, tulijifunza kwa kitu kinachobingirika. Tulikata kipande cha shina la mgomba, mviringo kama gurudumu, unene wa mkono wa mtu mzima. Kama hakuna mgomba, tulichukua boga lililooza ambalo mama amelitupa. Mmoja wetu alipanda juu ya mteremko nyuma ya mashamba na kulisukuma. Wengine tulipanga mstari ubavuni, wote upande mmoja, kamwe hakuna aliyeruhusiwa kusimama upande wa pili. Lile shina linakuja polepole, halafu kwa haraka, linarukaruka juu ya mawe. Wewe unayo nafasi ya mshale mmoja. Ukilenga pale lilipo, mshale unaingia udongoni nyuma yake. Lazima ulenge pale ambapo halijafika. Hakuna mwalimu aliyetueleza hesabu ya mwendo na umbali. Tulikuja kuisoma baadaye katika fizike, na wengine wetu tuliielewa upesi ju mikono ilikuwa inaijua.

Mishale yetu ilikuwa ya matete, na ncha tulichonga kwa rayo ya kinga iliyokwisha. Aliyekuwa na rayo tatu alikuwa tajiri. Ndiyo sababu hatukupiga mti hata siku moja kwa kupenda. Mti unakula ncha. Mshale wa chuma ukiingia katika mti mgumu hautoki. Unavuta, unabaki na tete mkononi na rayo iko ndani ya mti mpaka leo. Bazee walikuwa na sababu nyingine pia: mti unaojeruhiwa kila siku mahali pamoja unaoza pale. Lakini sisi tulikuwa tunafikiri rayo tu.

Na kichuguu? Mgeni anayefika Katanga anaona vile vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na anafikiri: tazama ukuta mzuri wa kusimamisha mishale! Si kweli, au ni kweli miezi michache tu. Wakati wa mvua udongo wake unakubali. Lakini mwezi wa saba, mwezi wa nane, kichuguu ni tofali iliyoungua. Mshale unagonga na kurudi, au unateleza ubavuni na kwenda usikokujua. Tena vichuguu vingine vina heshima yake, kuna waliozikwa pale au kuna familia inayoombea pale, na mtoto hajui ni vipi. Katika shule moja, hatutaitaja, mwalimu aliweka shabaha mbele ya kichuguu wakati wa kiangazi. Mshale wa pili uligonga udongo, ukaruka, ukapasua sikio la mwanafunzi aliyekuwa amekaa pembeni anakula muhindi. Sikio lilishonwa, mtoto alipona. Mwalimu yule hakulala wiki nzima. Tunaweza kusema hivyo kwa hakika kwa sababu mwalimu yule tulikuwa sisi.

Baada ya hapo tulijifunza kuchagua kwa akili. Tutayaandika haya kwa kirefu ju kuna walimu watakaosoma kijitabu hiki na siku ya utamaduni iko karibu. Gunia la bunga, lile la plastiki iliyofumwa, unalijaza maganda ya mahindi makavu na vitambaa vya zamani, unalishindilia kwa mguu mpaka linakuwa gumu kama godoro jipya. Ukilijaza nusu nusu, mshale unapita na kutokea nyuma. Ukilijaza mchanga, unavunja mishale na hakuna atakayeweza kulibeba. Nyuma ya gunia lazima kuwe na ukingo wa udongo wenyewe, mteremko uliopanda juu kuliko kichwa cha mtu, usio na mawe. Hakuna kupiga kuelekea barabara, hata ukisema mshale hautafika, mshale hufika. Karibu na mahali pa kusimamia unachora mstari mmoja ardhini, na mtu havuki mstari ule mpaka mshale wa mwisho umekwisha kutoka. Shina la mgomba pia ni zuri sana, laini na lenye maji, lakini kwa siku tatu tu. Baadaye linanuka na mainzi wanakuja kujifunza pamoja nanyi.

Umbali unaanza mdogo, hatua kumi, halafu unakua. Na hapa mzee wetu alitufundisha jambo ambalo hatukulisoma popote: usiache shabaha ikae mahali pamoja. Kila mtoto akimaliza, isogeze. Mbele kidogo, nyuma kidogo, chini ya kivuli, nyuma ya majani. Kwa sababu porini hakuna aliyekuchorea mstari wa mita. Unaona nyama, na macho yako ndiyo mita.

Wengine wakaenda mbali zaidi wakatafuta shabaha yenye uhai. Kundi moja la utamaduni, tulikuwapo, lilifunga jogoo kwa kamba kwenye kijiti na vijana wakampiga mbele ya watu. Watu walicheka sana. Sisi tunasema wazi: hilo ni baya, na halina babu. Wazee wawindaji tuliowauliza, wote walikataa kwa neno moja. Nyama aliyefungwa hawindwi, anachinjwa. Mwindaji wa kweli alikuwa mtu wa masharti mengi, namna ya kulala kabla ya kwenda porini, namna ya kugawa nyama, nani apate sehemu gani, na ile sumu ya mishale, bulembe, ilitunzwa mbali na watoto na mbali na vyombo vya chakula. Mtu wa masharti namna hiyo hafungi jogoo. Tena kuna sheria ya nchi juu ya uwindaji, ya tarehe 28 Mei 1982, na vijana wetu wajue kwamba leo hawawezi kuingia porini na kupiga wanyotaka kwa kusema ni mila. Mila yenyewe ilikuwa na vizuizi vyake kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Sasa tufike kwenye kile kilichotufanya tushike kalamu.

Miaka michache iliyopita, katika siku moja ya utamaduni, kundi la vijana lilileta mchezo wa vita vya zamani. Badala ya duara walikuwa wamechora mtu. Mtu mzima, kwa makaa, juu ya karto ya friji, na kofia ya mkoloni kichwani. Mishale miwili iliingia kifuani. Watu walishangilia kuliko kawaida. Sisi tulikaa kimya, tukajiambia kwamba ni mchezo, ni historia, mkoloni amekwisha kwenda. Mwaka uliofuata, kundi lingine likachora mtu tena, safari hii bila kofia. Na chini yake mkono wa mtoto ulikuwa umeandika neno, lile neno la matusi ambalo watu wa hapa hutumia kwa watu waliotoka jimbo lingine. Hatutaliandika. Tuliiondoa karto ile kabla mchezo haujaanza, na vijana walitukasirikia. Mmoja akauliza: «Mwalimu, ju ya nini? Ni karto tu.»

Hatukumjibu vizuri siku ile. Tunajaribu kumjibu hapa.

Mwanangu, katika Katanga upinde haujawa mchezo kwa muda mrefu wa kutosha. Tarehe 8 Novemba 1960, kule Niemba upande wa kaskazini, askari kumi na mmoja wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa walizingirwa na vijana Baluba wenye pinde, mishale na virungu. Tisa walikufa. Vijana wale walikuwa katika vita vyao wenyewe dhidi ya serikali ya Katanga iliyojitenga, vijiji vyao vilikuwa vinachomwa, na waliona kila askari ni adui mmoja. Askari wale walikuja kutengeneza daraja. Na wengi wa vijana wale, tunafikiri, walijifunza kupiga mishale kama sisi tulivyojifunza, kwa vitu vinavyobingirika na ndege wa shambani. Kisha kuna aliyewabadilishia shabaha.

Tena si hadithi ya zamani peke yake. Tarehe 23 Machi 2013 waasi Mai-Mai waliojiita Kata Katanga waliingia Lubumbashi, na wengi mikononi walikuwa na pinde na mapanga, na dawa shingoni. Watu wengi walikufa siku ile. Na Likasi yetu hii? Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai, wengine wamezaliwa hapa, wamefanya kazi ya mgodi na ya reli hapa, walifukuzwa nyumba kwa nyumba, wakaenda kulala kwenye gare na watoto wao, wakingoja treni miezi na miezi. Neno lililoandikwa chini ya karto ile ndilo neno lililopigwa kelele siku zile. Mtoto aliyeliandika alikuwa hajazaliwa. Amelipata wapi? Tumempa sisi wakubwa, mezani, tukila bukari. Naye akatafuta mahali pa kuliweka, akaliweka chini ya shabaha. Mtoto amelenga vizuri kabisa. Sisi ndio tuliomsimamishia karto.

Wakati wa utoto wetu kulikuwa na katazo moja ambalo halikuwa na msamaha. Mshale uliowekwa kwenye kamba hauelekezwi kwa mtu. Hata kwa kucheka. Hata kama kamba haijavutwa. Tulipovunja katazo hilo, upinde ulivunjwa juu ya goti mbele ya wote, na aliyeuvunja alikuwa mjomba au babu, yaani mtu ambaye kwa kawaida ndiye anayekutetea. Tuliona jambo hilo likitokea mara moja tu, na mara moja ilitosha kwa kijiji chote. Sasa linganisha na karto yenye umbo la mtu. Tunawapa watoto mbele ya makofi kile ambacho mjomba alivunjia upinde.

Katika humanite tunafundisha, kwa Kifaransa, habari ya Wilhelm Tell, yule Mswisi aliyeamriwa kupiga tofaa juu ya kichwa cha mtoto wake. Wanafunzi wanaipenda sana, na kila mwaka tunalazimika kuwaonya, maana tumekwisha kukuta embe juu ya kichwa cha mtu nyuma ya vyoo. Wote wanakumbuka tofaa. Hakuna anayekumbuka, mpaka tuulize, ni nani aliyechagua shabaha ile. Si Tell. Ni mtawala mbaya. Tell alipiga vizuri, tofaa likaanguka, lakini shabaha ilikuwa ya mtu mwingine. Ndipo klasi inanyamaza kidogo. Hapa Mulungwishi, mahali pa misioni, kuna daima mwanafunzi mmoja anayeinua mkono na kutaja Yonathani katika kitabu cha kwanza cha Samweli, aliyepiga mishale kana kwamba analenga alama, kumbe anampa rafiki yake Daudi habari kwamba akimbie, mfalme anataka kumwua. Tunampa pointi.

Kama tunatafuta namna bora ya kuonyesha upinde, tuna mifano yetu hapa karibu, hatuhitaji kwenda mbali. Chukua wachoraji wa Lubumbashi, wale waliokusanywa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés katika karakana yake tangu mwaka 1946: Bela, aliyepaka rangi kwa vidole, Pilipili Mulongoy, na Mwenze Kibwanga aliyejaza miili kwa mistari mifupi mifupi. Wamechora uwindaji mara nyingi. Tazama picha zao kwa makini. Nyama hayuko peke yake katikati kama alama ya duara. Amezungukwa na majani, nyasi, ndege, nukta za rangi kila pembe, na mwindaji naye yumo katika majani yale yale. Ukitaka kuiona shabaha lazima uitafute. Hapo mchoraji amesema kweli juu ya pori kuliko sisi na karto yetu. Kosa lao, tulitaje pia, ni kwamba kila kitu kimekuwa kizuri mno. Hakuna anayetoka jasho, hakuna mshale uliokosa. Aliyewinda anajua kwamba mishale mingi hukosa. Mchezo wa uwanjani nao uwe na mshale unaokosa, na watu waone kijana anakwenda kuutafuta kwenye nyasi.

Na mfano mwingine, mkubwa zaidi, ni ule wa Baluba. Wakumbuke wasomaji kwamba katika masimulizi yao Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga, alifika kama mwindaji, mtu wa upinde. Mafundi wao walichonga vitegemeo vya kuwekea pinde za kifalme: mti wenye matawi matatu juu, na chini yake mara nyingi umbo la mwanamke. Vingine leo viko Tervuren na katika majumba mengine ya makumbusho ya Wazungu, nyuma ya kioo. Havikuwa vitu vya uwanjani. Vilitunzwa ndani, mahali pa heshima, na mwanamke aliyepewa kazi hiyo ndiye aliyevilinda. Sisi tumejiuliza sana juu ya jambo hili. Fundi yule angeweza kuchonga simba aliyechomwa mshale, au adui aliyeanguka. Yeye akachonga mahali pa upinde kupumzika. Katika michezo yetu ya shule, vijana wakimaliza kupiga, pinde zinatupwa chini nyuma ya jukwaa, watoto wadogo wanazikanyaga. Kwa nini kundi moja lisijaribu kuonyesha pia namna ya kuuweka upinde? Mwimbaji aimbe, msichana mmoja apokee upinde na kuusimamisha. Haitachukua dakika tatu. Tunalisema kama ombi.

Mwaka huu tulianza mazoezi mapema, Jumamosi, na gunia letu la maganda. Baada ya kubishana, wanafunzi walikubali kuchora swala kwa makaa juu ya gunia. Yule mzee alikuja tena, na kiti kile kile cha plastiki. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu, mwenye mkono mzuri kuliko wavulana wote, akauliza: «Tata, nilenge kichwa?» Mzee akainuka, akaenda mpaka kwenye gunia, akaweka kidole nyuma ya mguu wa mbele. «Hapa. Kichwa inatingishika. Na kama anakuangalia, acha. Ngoja ageuke.» Akarudi kukaa. Msichana akauliza tena, na kama hageuki? Mzee akasema: «Unarudia kwenu, unakula sombe.»

Alipiga mishale mitano. Miwili iliingia nyuma ya mguu, mmoja tumboni, mzee akatoa sauti ya huruma kwa swala, na miwili ilikwenda kwenye ukingo wa udongo.

Jumatatu tulipeleka pendekezo letu kwa wakubwa wa shule. Walitusikiliza vizuri. Juu ya umbo la mtu wote walikubaliana nasi, na karto ya namna hiyo haitaingia tena uwanjani. Lakini juu ya gunia walisita: lina rangi mbaya, wageni wa heshima hawataliona vizuri kutoka mbali, na duara nyekundu linatoka vizuri katika picha. Mazungumzo yanaendelea. Gunia liko nyuma ya stoo, tumelifunika bati, kwa sababu mvua za kwanza zimekwisha kuanza.